Upande Mkavu

Juzi tulikuwa tunakula chipsi na kachumbari, mimi na wenzangu wa kazi, kwenye hoteli moja hapa Lodwar karibu na stendi. Mmoja wetu akachukua chupa ya siki akaimwagia sahani yake bila huruma. Harufu ilinifikia kabla hajaiweka chupa mezani, nikaacha kula. Waliniuliza kama nimeona nywele kwenye chakula. Nikasema nimeshiba, na kwa kuwa wananijua mimi ni mtu wa kumaliza sahani yangu na kuangalia ya jirani, hakuna aliyeniamini.

Siki ndiyo harufu ya chumba ambamo baba yangu alikuwa akisafishwa damu. Dawa wanayooshea zile mashine hunuka hivyo hivyo, na ilikuwa inaingia kwenye nguo zake, kwenye shuka lake, hata kwenye chai. Nikiisikia sasa, masikio huniwaka moto na sijui niangalie wapi. Watu hudhani ni huzuni, kwa sababu wanajua baba alifariki nikiwa sekondari. Huzuni ipo, lakini ina mahali pake nilipoizoea. Hii nyingine ni aibu, na imekataa kuzeeka.

Tulimwita Apa, ndivyo baba anavyoitwa kwa Kiturkana. Kabla hajaugua alikuwa mtu wa maji. Kule Kakuma mjini kulikuwa na kioski cha maji karibu na mto mkavu, na yeye ndiye aliyeshika funguo. Wakati wa kiangazi mitungi ya manjano ilipangwa foleni kabla jua halijachomoza, ya wanawake wetu, ya Wasomali wenye maduka, ya Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi kwa sababu bomba lao limekauka, na wote walijua jina lake. Hakuwahi kumrudisha mtu na mtungi mtupu. Pampu ikiharibika alikuwa akiinamisha tangi mpaka tope, ili aliyebaki nyuma apate hata ya kuoshea uso. Mimi nilikuwa ninapita mbele ya foleni nzima na kimtungi changu nikijifanya sioni mtu, na hakuna aliyenigombeza. Nilikuwa mtoto wa mtu wa maji, na jina langu ni Akiru, yaani niliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo niliona dunia imepangwa vizuri kabisa.

Kwetu mtu akifika mlangoni na kusema ngakipi, maji, unampa. Hata kama mligombana jana, hata kama ni yeye aliyempiga mbuzi wako jiwe. Unampa kwanza, ugomvi utaendelea baadaye. Sikufundishwa jambo hilo na mtu yeyote, kama vile sikufundishwa kupumua.

Kisha miguu ya Apa ikaanza kuvimba. Ikawa ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akawa analala ameketi kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi. Hospitalini Lodwar walisema figo zake zimekufa zote mbili, kwamba damu yake itakuwa ikisafishwa kwa mashine kila wiki maisha yake yote, na kwamba Kakuma ni mbali mno kwa mtu wa namna hiyo. Tukahama. Tukapanga chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya wapangaji, mtaani Nakwamekwi hapo Lodwar, mama akaanza kuuza sokoni samaki wakavu wanaoletwa kutoka Kalokol, na Apa akapewa masharti. Samaki hao hakuruhusiwa hata kuwaonja, kwa sababu ya chumvi. Lakini sharti kubwa lilikuwa la maji.

Mtu ambaye figo zake zimekufa hana mahali pa kutolea maji. Anachokunywa kinakaa. Kinajaa miguuni, kinapanda tumboni, kikifika mapafuni anazama akiwa amekaa kwenye kiti, kwenye mji usio na mvua. Kwa hiyo Apa aliruhusiwa kifuniko cha thamosi, kile cha kijani tunachonywea chai, kikijazwa asubuhi, mchana na jioni, basi. Hapa Lodwar, ambapo kufikia saa nne asubuhi bati linapasuka kwa joto na mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Mama akienda sokoni, kifuniko kilibaki kwangu. Shule ilikuwa imefungwa.

"Wewe ndiyo utashika," mama aliniambia. "Akikuomba ingine, kataa. Hata akikasirika, kataa."

Apa hakukasirika kamwe. Aliomba kwa macho tu, na macho nilijifunza kuyakwepa. Nilichokuwa sijajitayarishia ni wageni.

Mama Ekai alikuwa jirani yetu wa Kakuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, wa kwanza kwenye foleni ya Apa kila siku tangu nikumbuke. Alikuja Lodwar kukaa na binti yake aliyejifungua, akafika kutuona na wanawake wengine wawili na kipande cha nyama ya mbuzi kwenye karatasi. Walisalimiana, ejok, ejok, wakakaa kwenye mkeka. Jua lilikuwa kali. Niliwapa maji kwa kikombe cha bati, mmoja baada ya mwingine, wakanywa, na Apa akawaangalia wakinywa. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu mwenye nyumba yake, "Akiru, niletee na mimi."

Kifuniko chake cha mchana alikuwa amekwisha kukinywa. Yeye alijua, na mimi nilijua.

Nilisema, "Apa, umemaliza yako."

Nakumbuka nzi waliokuwa kwenye ile karatasi ya nyama, kwa sababu ndiko nilikoelekeza macho. Mama Ekai aliuliza mtoto amesema nini, ingawa alikuwa amesikia. Kisha akasema, "Huyu mzee alikuwa anatupatia sisi wote maji. Sasa mtungi iko hapo imejaa, na mtoto yake anamnyima?"

Nilimngoja Apa aeleze. Neno moja tu lilitosha, aseme daktari amekataza. Lakini ukisema daktari amekataza maji, mtu atauliza kwa nini, na jibu lilikuwa kwamba baba yangu, mwanamume mwenye heshima zake, alikuwa hakojoi. Mkojo ulikuwa umekatika kabisa. Ndani ya chumba kimoja mtoto hujua mambo kama hayo bila kuambiwa. Apa alitazama mikono yake tu. Mama Ekai akainuka mwenyewe, akajaza kikombe cha bati mpaka juu, akampa kwa mikono miwili. Apa akanywa chote. Nilimchukia Mama Ekai, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa kuwa machoni pa wale wanawake mimi nilikuwa mtoto anayeona baba yake ana kiu na hatoi.

Kesho yake ilikuwa siku ya mashine. Walimpima uzito kwanza, kama kawaida, na sista, muuguzi wa mashine, akauangalia mzani, akamwangalia yeye, kisha mama. Sista huyo alitoka upande wa Kitale, mnene, mcheshi, mwenye kupenda kuongea kuliko kukaa. Siku hiyo hakucheka.

"Mzee, haya maji yote umeyatoa wapi?"

Mimi ndiye niliyeanza kulia, na nadhani sista alielewa vibaya, akadhani ninaogopa damu, maana alinivuta kando ya mashine akaanza kunieleza ili nitulie. Alinionyesha kichujio, mrija mnene wa plastiki uliojaa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele. Kila uzi una tundu katikati, alisema, na damu ya baba yako inapita ndani. Nje ya nyuzi kuna maji safi ya dawa. Ukuta wa uzi ni utando wenye vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Damu yenyewe haipiti, ni kubwa mno, kama vile majani ya chai yanavyobaki kwenye chujio. Ila uchafu ni mdogo, unapita.

"Nani anausukuma?" nilimuuliza.

"Hakuna. Unaenda wenyewe. Huku uko mwingi, kule hakuna, basi unahama. Vitu vinatoka penye vingi vinaenda penye vichache, mpaka vitoshane. Hata mwili wako, kila kipande kidogo kina ngozi yake ya namna hiyo, saa hii vitu vinaingia na vingine vinatoka, na wewe umesimama tu hapo unanilia."

Alisema pia kwamba maji ni habari nyingine, kwamba maji mashine inayavuta kwa nguvu. Ninajua alisema, kwa kuwa alinionyesha na mahali pa kupimia huo mvuto. Sikulitaka hilo. Nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka, na nilitoka mle chumbani na harufu ya siki puani na siri kubwa moyoni.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Apa ana maji mengi. Ngozi ina vitundu, maana jasho linatokea wapi? Basi akilala karibu na mtu asiye na maji, yatahama. Kinachotakiwa ni upande wa pili uwe mkavu.

Nikaacha kunywa. Sikuacha kabisa, maana nisingeweza, ila nilisukutua na kutema, na chai niliimwaga nyuma ya nyumba. Mchana, joto likiwa limewalaza watu wote, nilijilaza kando ya Apa kwenye mkeka na kubandika mkono wangu kwenye mkono wake, ngozi kwa ngozi, kutoka bega hadi kiwiko. Nilichagua ule wa kushoto, ambao daktari alikuwa ameunganisha mishipa yake ili sindano za mashine zipate pa kuingilia. Mahali hapo palivuma. Ukigusa, unasikia kitu kinatetemeka chini ya ngozi bila kupumzika. Ilikuwa damu yake ikipita kwa kasi, lakini mimi nilijua ni maji yanahama. Baada ya muda mikono yetu yote miwili ilikuwa imelowa mahali ilipogusana, na nilifumba macho kwa furaha ambayo sijaipata tena katika kazi yoyote niliyoifanya.

"Mbona unanibana na joto hii?" Apa aliuliza.

"Nataka tu."

"Basi usilalie huo mkono." Lakini hakuuondoa.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa bayolojia alichora seli ubaoni, akaizungushia utando, akasema utando huo huchagua. Vitu vidogo hupita vyenyewe, vikubwa huzuiwa, vingine huwa na milango yao maalumu, na vingine, kama chumvi, husukumwa kinyume, kutoka kwenye vichache kwenda kwenye vingi, na hapo seli hutumia nguvu zake. Tulikata viazi tukavitia kwenye maji ya chumvi, vikanyauka, maji yake yakafuata chumvi nje. Wenzangu walishangilia. Mimi niliinamia dawati kana kwamba mwalimu ametaja jina langu. Nilijifunza siku hiyo kwamba ngozi ya mtu si uzi wa kichujio, ina tabaka na mafuta, imewekwa hapo hasa kuzuia maji yasiende ovyo. Ule unyevu kwenye mikono yetu ulikuwa jasho, tena huenda lilikuwa langu. Mtoto mzima nilijikausha nikimlowesha mgonjwa.

Lakini wakati ule shule ilifunguliwa na mimi nikaendelea na kazi yangu. Midomo ilipasuka. Kichwa kiliuma kila nikiinuka. Asubuhi moja kwenye paredi, mwalimu wa zamu akiongea juu ya kucha chafu, niliona bendera inakuja upande wangu, nikaanguka. Walinimwagia maji, na nasikia niliyatema yaliyoingia mdomoni. Mwalimu alinipakia bodaboda akanirudisha nyumbani na kuwaambia waliokuwepo kwamba mtoto huyu amekauka, apewe maji.

Huo ukawa ushahidi. Habari za kikombe alichonyimwa Apa zilikuwa zimetembea plotini kote kwa mdomo wa Mama Ekai, na sasa mtoto naye amerudishwa amekauka. Watu wetu si wabaya. Hawakuja kutusema. Walifikiri tumekwama kabisa, kwamba hata maji yametushinda na tunaona haya kuomba, wakafanya kitu ambacho wangemfanyia mtu waliyempenda. Jioni jua likianza kulegea, wakaja, Mama Ekai mbele, wanawake wa ploti, na wengine wa Kakuma wanaoishi Lodwar, kila mmoja na mtungi wa manjano kichwani. Wakaishusha mbele ya mlango wetu, mmoja baada ya mwingine, wakaipanga. Apa alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki. Aliitazama ile foleni ya mitungi imejaa, imeelekezwa kwake, na mdomo wake ukafunguka kidogo.

Mama alifika wakati huohuo na beseni lake la samaki, akasimama. Hakuelewa, kisha akaelewa. Sijawahi kumwona mama akiinamisha kichwa kama alivyofanya mbele ya wale wanawake.

Mama Ekai aliniita. "Kuja hapa. Usiogope. Nani anakukataza maji?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini umekauka hivi, na wewe ni mtoto ya mtu ya maji?"

Wote walikuwa wananiangalia, na mama yangu alikuwa ameinama, na mimi nilikuwa na jibu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba sikulazimishwa. Nilijivunia. Nilidhani nikilisema wataacha kumwona mama mbaya, na wataniona mimi jinsi nilivyo. Nilipaza sauti nikasema, "Apa hakojoi. Ilikataa kitambo. Maji yake yote iko ndani. Sista alisema kitu inatoka penye iko mingi, inaenda kwenye hakuna. Kwa hivyo mimi sikunywi, ndiyo ikuje kwangu."

Mwanamke mmoja alifunga leso yake upya, ingawa haikuwa imefunguka. Mwingine alikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko, kisha akatazama chini. Nilimgeukia Apa ili aone nilivyotutetea, na nikaona uso wake. Ni hapo nilipofahamu kwamba kitu alichokificha kwa wageni wote, kitu alichonyamazia hadi akanywa kikombe ambacho kingeweza kumuua, nilikuwa nimekitangaza uani, mbele ya foleni yake mwenyewe.

Aliinuka. Ilimchukua muda, kwa ile miguu. Akaingia ndani, akatoka na kifuniko cha kijani ambacho kilitundikwa kwenye msumari, akauendea mtungi wa Mama Ekai. Aliuinamisha kwa goti kama alivyozoea kazini, akajaza bila kumwaga hata kidogo. Akaniletea.

"Kunywa."

"Apa, nikikunywa nitajaa."

"Kunywa. Hii ni yangu ya jioni. Nimekupa."

Kisha akawageukia wale wanawake, akasimama wima kadiri alivyoweza. "Mtoto amesema ukweli," alisema. "Hiyo kitu iliisha. Maji inaniua mimi sasa. Asanteni, lakini rudisheni nyumbani."

Mama Ekai aliweka mkono mdomoni. Baadaye sana alikuwa akija kututembelea, na ukimpa maji anakataa, anasema atakunywa akirudi kwake, na wengine wote wakafuata desturi hiyo, wakawa wanaketi na Apa na kiu zao hadi jioni. Siku ile aliinua mtungi wake, na wenzake wakainua yao, wakaondoka.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kifuniko. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yana ladha ya plastiki. Nilikuwa nimekauka kwa muda mrefu, na mara yalipogusa ulimi sikuweza tena kufikiria kitu kingine, si sista, si utando, si upande wenye mengi wala wenye machache. Apa alisimama karibu akitazama koo langu, na kila nilipomeza, na yeye alimeza, na hakuwa na kitu kinywani.

Nilipomrudishia, alikipindua kwa mazoea, kama anavyokung'uta mtu wa maji, ili tone la mwisho lisipotee. Halikudondoka kitu. Nilikuwa nimemaliza yote.